Aliyechaguliwa kwa Hofu Hana Deni

Makomredi, wacha nianze kwa kukiri kosa langu, maana nikilificha hamtakuwa na sababu ya kuniamini katika haya mengine.

Mwaka jana, siku tatu kabla ya kuchagua wawakilishi wetu, nilipata ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Ilikuwa kama saa nne usiku. Mwenye sauti sikumjua. Alisema kwamba yule dada anayewania kiti cha Shule ya Elimu akiingia, basi "watu wao" watachukua kila kitu: vyumba vya hosteli, vibarua vya chuoni, hata pesa za kusaidia wanafunzi wenye shida. Akamalizia, "Mkilala, mtaamka mkiwa wageni hapa." Sikujiuliza amejuaje. Moyo ulinidunda, nikautuma kwenye makundi matatu. Kisha nikainua macho, nikamwona mwenzangu wa chumbani ameinamia daftari lake upande wa pili. Yeye ni wa hao hao "watu wao". Tumepika kwenye sufuria moja tangu mwaka wa kwanza. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikajifanya nimelala.

Makabila sitayataja. Weka la kwako na la jirani yako, hadithi haitabadilika.

Yule dada alikuwa amebandika karatasi moja kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo. Ilihusu maksi zinazopotea. Sidhani kuna asiyezijua. Umefanya mtihani, umetia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, matokeo yanatoka na mahali pa alama yako pana kistari tu. Yeye alitaka mambo matatu. Kwanza, kila idara iwe na daftari moja la malalamiko, na mwanafunzi apewe nakala yenye tarehe. Pili, malalamiko yote yafikishwe kwenye kikao cha shule kabla muhula haujaisha. Tatu, mwakilishi atangaze kila mwezi ni mangapi yametatuliwa na mangapi bado. Niliisoma nikiwa kwenye foleni ya chai. Nikasema moyoni, hii ina maana. Halafu siku ya kura nikampigia jamaa mwingine. Huyo hakuwa na karatasi. Alikuwa na sauti nzuri ya kuhutubia, na alikuwa "wetu".

Akashinda. Tukaimba mpaka usiku.

Muhula uliofuata maksi zangu za somo moja zikapotea, na ni somo ambalo lazima ulipite kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilimtafuta mwakilishi wangu kwa wiki mbili. Simu hashiki, ujumbe anausoma na kunyamaza. Siku moja nikamkuta nje ya bwalo, nikamweleza. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, hata si kwa madharau. Akaniuliza, "Kwani mimi niliahidi mambo ya maksi?"

Nilisimama pale nikikumbuka kampeni yake yote. Kusema kweli, hakuwa ameahidi. Kitu kimoja tu alichotuahidi ni kwamba yule dada hataingia, na hakuingia. Jamaa alikuwa ametimiza ahadi yake yote siku ile ile ya kuhesabu kura, na muhula mzima ukabaki wa kupumzika.

Hilo ndilo ninalotaka tulifikirie kabla ya uchaguzi wa muhula huu, na kabla ya ule mkubwa wa tarehe 10 Agosti 2027. Wengi wetu tuna mkopo wa HELB, kwa hivyo deni tunalielewa. Mtu akiomba kura yako kwa jambo fulani, amechukua mkopo kwako. Unaweza kumfuata na kumwambia: ulisema hivi, iko wapi? Lakini mtu akikuomba kura kwa sababu mwingine ni hatari, huna cha kumdai. Ukimfuata atakuuliza swali nililoulizwa mimi, na hutakuwa na jibu.

Najua kuna watakaosema kwamba hayo ni mambo madogo ya chuo, siasa ya nchi ni nyingine. Na kuna watakaosema kwamba hofu ya Wakenya haikutungwa, ilitokana na mambo yaliyotokea. Hawa wa pili nawaheshimu sana, kwa sababu mmoja wao ni mama yangu.

Mwisho wa mwaka 2007 nilikuwa na miaka mitatu, kwa hivyo mengi nimesimuliwa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi ule, na mamia ya maelfu walihama makwao. Nyumbani kwetu ni Nakuru. Mama hasimulii sana, ila ana begi. Kila mwaka wa uchaguzi huliweka nyuma ya mlango: vyeti vya shule vyetu sote, kitambulisho chake, shuka mbili, unga pakiti moja. Nililiona 2013, nikaliona 2017 nikiwa darasa la saba, nikaliona tena 2022 nikiwa kidato cha nne. Sithubutu kumwambia mama kwamba anaogopa bure. Alichokiona alikiona.

Lakini angalieni jinsi hofu hiyo ilivyotumiwa na watu wengine, na wao baadaye walifanya nini.

Kwenye kampeni za 2017 ilisambazwa video fupi mtandaoni iliyoichora Kenya ya mwaka 2020 kuwa nchi ya vurugu endapo Raila Odinga angechaguliwa kuwa rais. Baadaye mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza jinsi kampuni moja ya Texas, Marekani, ilivyohusika na kampeni hiyo ya mtandaoni. Yaani mtu aliyekaa ng'ambo, asiyejua begi la mama yangu, alilipwa kuligusa. Na tusijidanganye kwamba ni upande mmoja tu. Kila mrengo una watu wake wa kutisha, na kila mmoja husema wa mwenzake ndio wabaya.

Halafu ikawaje? Tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walisimama kwenye ngazi za Harambee House wakapeana mikono. Yule tuliyeambiwa ataiangamiza nchi akaitwa ndugu. Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila walitia sahihi mkataba wa kugawana serikali, watu wakiwa bado kwenye mahema. Haikuwa mara ya mwisho pia. Tarehe 7 Machi 2025 William Ruto, aliyeshindana naye 2022, alitia sahihi makubaliano na Raila pale KICC, miezi michache kabla ya mzee huyo kufariki Oktoba mwaka huo huo. Sisemi kwamba kupatana ni vibaya. Heri wapatane kuliko tuzikane. Ninachosema ni kwamba wakubwa wanajua siku ya kuiacha hofu. Sisi huku chini ndio tunabaki nayo, tunaangaliana kwa pembe ya jicho na mtu tunayepika naye.

Sasa, je, kila anayetuonya anatutisha? La. Kuna mgombea ambaye kweli ni hatari, na ni haki tuambiwe. Mwizi ni mwizi hata wakati wa kampeni. Mimi nimejifunza kutofautisha hivi: anayenionya hutaja kitendo, na hicho kitendo naweza kukichunguza. Atasema, fulani alishika pesa za safari ya masomo mwaka fulani na risiti hazikuonekana. Nitaenda kuuliza. Anayenitisha hutaja watu. Atasema "hao", "wale", "watu wa upande ule", na ukiuliza nani hasa, lini, wapi, anakukasirikia. Ule ujumbe niliousambaza haukuwa na hata kitendo kimoja ndani yake. Ningeusikiliza mara ya pili kwa utulivu, ningeligundua hilo. Haukutengenezwa usikilizwe mara mbili.

Mtu ataniuliza, haya, badala yake tufanyeje? Mimi si mtaalamu, ila nimeandika maswali matatu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu.

La kwanza: hicho anachoahidi kiko ndani ya uwezo wa kiti anachotaka? Hapa sisi walimu watarajiwa tunadanganywa sana. Utamsikia mwaniaji wa ugavana akiahidi kuajiri walimu wa sekondari, na umati unashangilia. Kazi ya kuajiri walimu wa shule za umma Katiba imempa TSC, Kifungu cha 237. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo gavana muulize kuhusu walimu wa chekechea: mishahara yao, madarasa yao, maji ya watoto wale. Mbunge muulize atapiga kura gani bungeni kuhusu bajeti ya TSC. Na sisi tuliojiunga na chuo 2023, tuliokuwa wa kwanza kuingizwa katika mfumo mpya wa ufadhili, tuna swali letu kwa kila anayetaka kwenda bungeni au Ikulu: karo yangu utaikadiria kwa njia gani, na ukinikadiria vibaya nitakata rufaa wapi?

La pili: lini, na kwa pesa ipi? Akisema "tutaangalia", huyo bado hajafikiria.

La tatu: nikija kudai, nitakupata wapi na nitakuonyesha nini? Ndiyo maana ile karatasi ya ubaoni ilikuwa muhimu. Ningeipiga picha. Leo ningekuwa nayo kwenye simu, mahali pa ule ujumbe wa sauti.

Sitawadanganya kwamba kuchagua kwa hoja kunafurahisha kama kuchagua kwa hofu. Hofu ina nyimbo, ina mbio, inakufanya ujisikie una watu. Kusoma karatasi kwenye foleni ya chai hakuna raha yoyote. Na unaweza kuchagua kwa hoja na bado ukaangushwa, kwa sababu wanasiasa ni watu na watu husema uongo. Lakini angalau huyo aliyekuangusha utamshika kwa maneno yake mwenyewe, na uchaguzi ukija utamkumbusha.

Nimalizie pale chumbani, maana hapo ndipo kosa lilipofanyika.

Maksi zangu zilipatikana baada ya karibu miezi miwili. Zilikuwa zimeingizwa kwa nambari ya usajili ya mtu mwingine. Aliyenisaidia kuzitafuta ni mwenzangu wa chumbani. Alinikalisha tukaandika barua, akanisindikiza kwa mkuu wa idara mara tatu, akingoja nje na mkoba wangu. Mara ya tatu, tukirudi, nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia kuna ujumbe niliusambaza wakati wa uchaguzi, kuhusu watu wa kwao.

Hakusimama. Akasema, "Niliupata usiku ule ule. Ulikuja na jina lako."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia chochote, miezi yote hiyo. Akasema, "Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Kumbe wakati nimejifunika blanketi nikijifanya nimelala, yeye alikuwa anaisikiliza sauti ile kwa masikioni, hatua nne kutoka kwangu. Na yule ambaye niliumiza rafiki kwa ajili yake hata namba yangu hakuwa ameihifadhi.

Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia uhuru wa kufanya uchaguzi wake wa kisiasa. Mimi 2027 itakuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura ya rais, kama ilivyo kwa wengi wenu. Nataka siku hiyo niwe nimejiandikisha, nimesoma, na nimeuliza. Mama najua ataweka begi lake nyuma ya mlango, na sitamzuia. Ila nitamwomba aniambie ni jambo gani moja anataka kiongozi wake amfanyie, kando na kumlinda dhidi ya majirani zake. Sikumbuki mgombea yeyote aliyewahi kumuuliza hilo.

Wiki ijayo karatasi za wawaniaji zitaanza kubandikwa tena karibu na bwalo. Yule dada anawania tena, na kuna wengine wawili ambao sijawasoma. Sijaamua. Ukinikuta pale na kalamu na daftari nikizuia foleni, nivumilie kidogo. Na ukipata ujumbe wa sauti saa nne usiku, kabla ya kuutuma, inua macho uone umelala chumba kimoja na nani.