Mkanda wa Mashine ya Kusaga na Ndege

Watu hucheka wakisikia fundi wa kwetu ameunda ndege uani kwake. Mimi sicheki, ila huuliza: je, rafadha ameifunga moja kwa moja kwenye injini ya pikipiki?

Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha za rafadha yenye upana wa mita 1.5 hukimbia mita 393 kwa sekunde. Sauti yenyewe huenda mita 340 hivi! Hapo hupatikana kelele nyingi na mvuto haba. Dawa ni puli ndogo kwenye injini, kubwa mara mbili kwenye rafadha, na mkanda wenye meno. Gia ni nzito. Hata ndugu Wright wa Marekani, mwaka 1903, walipunguza mizunguko kwa minyororo kama ya baiskeli.

Mashine zetu za kusaga za dizeli hapa Sepuka zina puli hizo, ila kubwa iko kwenye injini, maana kinu hutaka kasi. Tuzigeuze. Naona wanafunzi wa fizikia tuache kuchora ndege nzima. Tuunde kifaa hiki kimoja, tukifunge mezani, tupime mvuto kwa mizani. Mkanda ukikatika mezani, hafi mtu. Mwalimu akiruhusu, puli mbili kuukuu nitazileta mimi.