Pumziko la mama mwenye mimba ni kazi ya mtu mwingine

Goma – "Mama, nenda upumzike." Hilo ndilo jibu ambalo mama mwenye mimba ya miezi sita au saba anapewa kwenye kituo cha afya, anapoeleza kwamba tumbo linakaza mara kwa mara kabla ya wakati. Kwa upande wa uganga, shauri hilo si baya. Lakini katika mitaa ya Goma na vijiji vya Nyiragongo, Masisi na Rutshuru, linabaki neno tupu. Mama anafika nyumbani, na bidoni ya lita 20 bado inamungoja mlangoni.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mito hakuna, na mabomba yakikauka watu wanashuka ziwani. Mwenye franga analipa chukudu au motari. Asiye nazo anabeba mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Lita 20 za maji ni kilo 20, nazo zinapanda mlima pamoja na mtoto aliye tumboni. Tangu kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilipovunjwa mwezi wa Februari 2025, jamaa nyingi zimerudi kwenye vijiji vilivyoharibika, na zingine zinaishi kwa jamaa wapokezi. Matanki ya maji na kliniki za mashirika hazikuwafuata.

Ni kweli, si kila kukaza kwa tumbo ni hatari. Tumbo linaweza kukaza kidogo bila mpango, kisha likalegea mama akinywa maji, akikojoa na kulala kwa ubavu. Lakini likikaza kwa mpangilio, kila dakika kumi au chini ya hapo, hata baada ya kupumzika, na mimba haijafika wiki 37, huo unaweza kuwa uchungu wa kuzaa. Damu ikitoka, maji ya uzazi yakimwagika, homa ikipanda, au mtoto akipunguza kucheza, mama hapaswi kungoja asubuhi. Aende kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Wanaosema "ni kawaida ya mimba, hata mama yako alibeba hivyo" wanafunga mlango wa matibabu. Wanaosema ni uchawi wa jirani wanaufunga mara mbili. Nyuma ya tumbo linalokaza mara nyingi kunaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, kiu ya siku nzima juani, au mapacha ambao hakuna aliyewaona. Malaria na maambukizi ya mkojo hupimwa na kutibiwa. Ndiyo maana mama anapaswa kwenda kilo mapema, kupewa chandarua na dawa ya kuzuia malaria, na kunywa maji safi yaliyotiwa klore au kuchemshwa.

Lakini kupumzika hakuuzwi kwenye duka la dawa. Ili mama alale saa moja mchana, lazima mtu mwingine achote maji, apasue kuni na kubeba mtoto mdogo. Mtu huyo ni nani? Katika nyumba nyingi, hakuna aliyeuliza.

Wapo wanaume wanaojibu kwamba mwanaume mwenye bidoni anachekwa njiani. Acha wacheke. Kicheko kinaisha kabla ya kufika nyumbani. Mtoto aliyezaliwa kwa miezi saba anapigania pumzi wiki nzima, mahali ambapo mara nyingi hakuna umeme wala oksijeni. Wengine wanasema wanashinda wakitafuta kibarua. Hiyo ni kweli kwa wengi, lakini maji yanaweza kuchotwa kabla ya kutoka au baada ya kurudi. Na kwa mama ambaye mume wake alikufa au alipotelea vitani, zamu hiyo ni ya jamaa inayomupokea na majirani wa avenyu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba ndiye anayeuona mwepesi.

Kamati za maji nazo zina deni. Kumutanguliza mama mwenye tumbo kubwa kwenye foleni hakuombi franga hata moja, wala mfadhili kutoka Ulaya. Wauguzi vilevile wasiishie kuandika "repos" kwenye karatasi. Waulize: nani atachota maji nyumbani kwako? Wamwite mume siku ya kilo, wamweleze dalili za hatari akiwa amekaa mbele yao. Na mama akifika usiku tumbo likikaza, apokelewe kwanza. Mambo ya malipo yafuate. Zipo dawa za kutuliza uchungu na za kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa, lakini zinatolewa mahali penye uwezo, na zinahitaji mama afike mapema.

Mwaka wa 2020, watoto wapatao milioni 13.4 duniani walizaliwa kabla ya wakati, na matatizo ya kuzaliwa hivyo ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto wasiofika miaka mitano. Serikali ilizindua uzazi wa bure Kinshasa mwezi wa Septemba 2023. Ni jambo jema, na linapaswa kufika hata kijiji cha mwisho. Lakini hata likifika, halitashuka ziwani kuchota maji.

Vita vimewanyang'anya wamama hawa mashamba, nyumba na kambi. Kazi ya kubeba bidoni haikuletwa na vita peke yake. Sehemu yake imepangwa ndani ya nyumba, na inaweza kupangwa upya leo jioni.