ANAYETETEMEKA SI MVIVU



Hapa kwetu Kaloleni, Jericho na Kayole, mtu akianza kutetemeka mkono au kuburuta mguu, na picha ya ubongo isionyeshe jeraha, maneno mawili hufuata upesi. Nyumbani husemwa amerogwa. Kazini nyapara husema anajifanya. Sisi twasema yote mawili ni makosa, na hilo la pili huwanyang'anya watoto chakula.

Ugonjwa huu upo na madaktari wanaujua. Reli ni nzima, gari moshi ni zima, ila ishara zimechanganyika: ubongo haupeleki amri sawasawa. Mwaka 1908 daktari Hoover wa Marekani alieleza alama yake moja. Mgonjwa akiambiwa akandamize chini mguu dhaifu, hawezi. Akiinua ule mzima, dhaifu hukandamiza wenyewe. Msiseme, basi anadanganya. Hatendi kwa kusudi. Alama hiyo yaonyesha kwamba njia ya nguvu haijakatika, na kwa hiyo matumaini yapo.

Wala si jambo la ng'ambo tu. Oktoba 2023 wasichana zaidi ya 60 wa shule ya Eregi, Kakamega, walifikishwa hospitali miguu haina nguvu, na baadhi ya maofisa walisema ni histeria.

Matibabu ni mgonjwa kuelezwa wazi ugonjwa wake, mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, na pengine mazungumzo na daktari wa mambo ya akili. Wengi hupata nafuu, lakini kuchelewa huharibu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, humpa aliyetimiza miezi 2 kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Kifungu cha 41 chasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kutojiweza mwilini, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama kazini amchaguaye mwenyewe.

Lakini siku 14 hazitoshi kuufunza mguu kutembea upya. Katika mapatano yajayo na waajiri tudai kazi nyepesi na ruhusa ya kwenda mazoezini. Na tangu leo, mwenzetu akipatwa, tusimcheke, wala tusimwache aitwe ofisini peke yake.