Anza na bunduki ya kiwandani

Ndugu mwandishi, hapo uliposema kwenye makala yako kwamba mwindaji wa kweli lazima aundiwe bunduki yake, sikubaliani nawe. Mimi ni mkazi wa Pasua, na kazi yangu porini ilikuwa kufuata nyayo kwa ajili ya wawindaji wa kitalii. Bunduki nyingi nilizoziona zikiangusha nyati zilikuwa za kiwandani, za .375 H&H, risasi iliyotoka 1912 na inayotegemewa mpaka leo. Hazikuhitaji mtutu mpya. Zilihitaji fundi mwenye kibali apunguze kitako kimkae mwenyewe, alainishe kifyatulio, na ahakikishe risasi zinaingia chemba bila kukwama.

Jipime hivi: hakikisha bunduki ni tupu na inaelekea mahali salama, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Ukikuta shabaha ya mbele imetulia ndani ya ile ya nyuma, kitako kimekukaa. Ukilazimika kuitafuta kwa shingo, nyati hatakusubiri.

Ya kuundiwa ina heshima yake, hasa kwa anayetumia mkono wa kushoto. Lakini hata mwindaji wa kulipwa Harry Selby, ile .416 ya Rigby wa London aliyoitumia miaka mingi hakuundiwa; aliinunua dukani ikiwa tayari. Pesa ya ziada inunue kwanza risasi za mazoezi. Mnyama akijeruhiwa, anayetangulia kwenye majani kufuata damu ni mfuata nyayo, si mgeni aliyefyatua.