Acheni Kumwambia Kila Mtu Asubiri Konsoli Mpya

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa Luthuli Avenue, hapa Nairobi, nikitafuta waya wa HDMI. Kando yangu kulikuwa na kijana na mamake wakiulizia bei ya PS5. Pesa walikuwa nazo. Kijana alikuwa ameishika padi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Basi jamaa mmoja, mteja tu kama mimi, akajitia mshauri: "Mama, usimnunulie hiyo sasa. Subiri, PS6 inakuja." Mama akafunga mkoba wake. Wakaenda zao.

Nilinyamaza, na nimejuta kunyamaza. Makala haya ndiyo niliyopaswa kumwambia yule mama.

Ushauri wa "subiri, mpya inakuja" una ubaya mmoja mkubwa: haukosei kamwe. Ungemwambia mtu hivyo mwaka 2005, ungekuwa kweli, kwani PS3 ilikuwa njiani. Mwaka 2012 ni kweli. Mwaka 2019 ni kweli. Siku PS6 itakapofika dukani, jamaa yuleyule atasimama palepale na kusema tusubiri modeli nyembamba. Sisi tunaoandika programu tunaijua hali hii. Ni kitanzi kisicho na sharti la kutoka. Kompyuta ikiingia humo inakwama, feni inanguruma na hakuna kazi inayofanyika. Binadamu akiingia humo anazeeka.

Ushauri ambao ni kweli kila siku hauwezi kukusaidia kuchagua siku. Mambo ni hayo tu, lakini kwa kuwa najua mtabisha, wacha niendelee.

Naelewa mazoea haya yalitoka wapi. Zamani kusubiri kulikuwa na maana. PS2 ilipofika Marekani Oktoba 2000 iliuzwa dola 299. Kufikia Aprili 2009 ilikuwa dola 99. PS3 ilianza Novemba 2006 kwa dola 499 na 599, na Septemba 2009 ile nyembamba ikaja kwa dola 299. PS4 ilianza kwa dola 399 mwaka 2013, na kufikia 2016 ilikuwa dola 299. Mtu akikaa kando miaka mitatu, alipata kitu kilekile kwa bei nafuu. Subira ilivuta heri kweli.

Lakini mjue sababu yake. Bei haikushuka kwa sababu kampuni zilituhurumia. Ilishuka kwa sababu viwanda vya chipu vilijifunza kutengeneza chipu ileile ikiwa ndogo zaidi. Chipu ikiwa ndogo, zinatoka nyingi kwenye sahani moja ya silikoni, zinakula umeme kidogo na zinatoa joto kidogo. Kwa hiyo feni inakuwa ndogo, kasha linakuwa dogo, na gharama inapungua. Siku hizi kupunguza chipu kumekuwa kazi ghali yenyewe, na faida ile ya zamani imepungua sana.

Sasa tazameni PS5. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499. Kwa mwendo wa zamani, kufikia 2023 ingekuwa imeshuka vizuri. Kilichotokea ni kinyume. Agosti 2022 Sony ilipandisha bei Ulaya, Uingereza, Japani na kwingineko. Tarehe 21 Agosti 2025 ikapandisha Marekani pia, ikafika dola 549.99. Xbox Series X nayo ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Oktoba 2025 ilifika dola 649.99. Na Nintendo Switch ya kwanza? Ilitoka Machi 2017 kwa dola 299. Agosti 2025, ikiwa na umri wa miaka minane na mrithi wake Switch 2 tayari yuko dukani, bei yake ilipandishwa Marekani. Yaani mpya ilitoka na ya zamani ikapanda! Huyo aliyesubiri "mpya ije, hii ishuke" sijui leo anamwambia nini mkewe.

Tupige hesabu ya shilingi sasa. Novemba 2020 dola moja ilikuwa kama shilingi 109 za Kenya. Dola 499 ni kama shilingi 54,000. Agosti 2025 dola ilikuwa kama shilingi 129. Dola 549.99 ni karibu shilingi 71,000. Hapo sijaweka usafiri, ushuru wala faida ya mwenye duka. Mkenya aliyesubiri miaka mitano alilipwa kwa subira yake kwa kuongezewa shilingi 17,000 za kulipa.

Mimi mwenyewe nilikuwa mfuasi sugu wa ngoja ngoja, kwa hivyo siwacheki. Mwaka 2021 nilipata kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Mdogo wangu alikuwa darasa la saba. Tulikuwa tunakaa nyumba moja, na kila mwisho wa mwezi aliniuliza, "Kaka, ni mwezi huu?" Nikamwambia tusubiri ishuke bei. Mwaka 2022 nikamwambia tusubiri nyembamba. Novemba 2023 nyembamba ikatoka, yenye diski ikabaki dola 499 zilezile, nami nikasema basi tusikie habari za Pro. Novemba 2024 Pro ikatoka kwa dola 699, bila hata sehemu ya kuwekea diski.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Desemba hiyo hatimaye nilinunua PS5 ya kawaida, ya mtumba. Alipokuja likizo tukacheza mechi mbili za mpira. Akanifunga ya kwanza, nikamfunga ya pili. Akasema, "Iko sawa, kaka," akachukua simu yake akaenda kukaa nje na marafiki. Hakukuwa na ugomvi wowote. Alikuwa amekua tu. Miaka mitatu aliyotaka kucheza na mimi ilipita nikiwa nasoma tetesi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee. Mashine inaweza kukungoja dukani. Mtoto wa darasa la saba hangoji.

Sasa nijibu hoja zenu, maana najua mnazo.

Hoja ya kwanza: "Nikinunua sasa, mpya ikija gemu zangu zote zitakuwa takataka." Hii ilikuwa hofu halali wakati fulani. PS3 ilitumia chipu iitwayo Cell, iliyojengwa kwa namna ya pekee kabisa. PS4 ilipokuja na chipu ya AMD ya aina ya x86, jamii moja na iliyo kwenye kompyuta yako ya mezani, haikuweza kusoma diski za PS3. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya mashine moja haikueleweka na nyingine. Lakini PS5 ni ndugu wa damu wa PS4. Chipu ni ya AMD, x86 vilevile, na karibu gemu zote za PS4 zinacheza humo. Switch 2 inacheza nyingi za Switch. Siku hizi unaponunua gemu unanunua kitu ambacho kwa kawaida utahama nacho.

Tena mashine haifi siku mpya inapozaliwa. God of War II ilitoka kwenye PS2 Machi 2007, PS3 ikiwa tayari iko sokoni. PS2 hiyohiyo ilipata PES 2014, miaka 13 baada ya kuzaliwa. PS4 ya mwaka 2013 ilipata Gran Turismo 7 na God of War Ragnarök mwaka 2022, kisha EA Sports FC 26 mwaka 2025. Vibanda vya gemu huku mitaani havijawahi kusubiri modeli mpya, na vijana wamejaa humo kila wikendi.

Hoja ya pili: "Wewe una mshahara wa kompyuta. Sisi pesa ni za kutafuta, hatuwezi kukosea." Hii naiheshimu. Shilingi elfu sabini ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa wengi wetu. Kama hizo pesa ni za karo au za hospitali, usinunue konsoli yoyote, mpya wala kuukuu. Lakini hapo hausubiri PS6, ndugu yangu. Hapo huna pesa za gemu kwa sasa, na hakuna aibu kusema hivyo. Na kama unazo kidogo, basi nunua PS4 iliyotumika. Ina gemu za zaidi ya miaka kumi, na diski zake za mtumba ni rahisi.

Na hapa kuna siri ambayo wapenzi wa kusubiri hawaioni. Kitu kinachoshuka bei siku hizi ni gemu, si mashine. Gemu kubwa ya PS5 hutoka kwa kama dola 70, na baada ya mwaka mmoja au miwili mara nyingi inapatikana kwa nusu au chini. Kwa hivyo kama una kipaji cha kusubiri, kitumie huko. Chukua mashine mapema, chelewa kwenye gemu. Na ukinunua mashine, chukua yenye sehemu ya diski. Diski unaweza kuazimwa na jirani, kubadilishana na rafiki, au kuiuza ukimaliza. Gemu ya kupakua haibadilishwi na mtu, na inaweza kumeza gigabaiti 100 za intaneti yako.

Hoja ya tatu: "Kwa hiyo unasema tununue tu wakati wowote?" Hapana. Kuna nyakati mbili ambapo nitakushika mkono nikuzuie.

Wakati wa kwanza ni miezi ya mwanzo ya mashine mpya. Waliokimbilia Xbox 360 mwaka 2005 walikutana na ile duara nyekundu ya kifo. Mashine zilikufa kwa wingi hadi Julai 2007 Microsoft ikaongeza dhamana ya kasoro hiyo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja za kugharamia. Waliokimbilia Nintendo 3DS Machi 2011 kwa dola 249.99 waliona bei ikishuka hadi 169.99 Agosti ya mwaka huohuo. Wakapewa gemu 20 za zamani kama pole. Acha wenye haraka wajaribu mashine kwa niaba yako.

Wakati wa pili ni pale kampuni yenyewe imetangaza tarehe na bei. Tarehe 2 Aprili 2025 Nintendo ilisema Switch 2 itatoka 5 Juni kwa dola 449.99. Aliyekuwa anataka Switch wiki hiyo, kusubiri miezi miwili kulikuwa na akili. Alijua anasubiri nini, hadi lini, na kwa shilingi ngapi.

Lakini kabla ya hapo? Tetesi za Switch yenye nguvu zaidi zilivuma kwa miaka. Watu wakakaza mikanda. Julai 2021 Nintendo ikatangaza modeli ya OLED: kioo kizuri zaidi, nguvu ileile. Aliyekuwa anasubiri nguvu alisubiri miaka minne mingine. Katikati hapo ilitoka Tears of the Kingdom, Mei 2023, na yeye akaitazama kwenye YouTube.

Kwa hivyo sheria yangu ni fupi: tetesi si tarehe. Kitu kisicho na tarehe wala bei kutoka kwa mtengenezaji hakiwezi kuingia kwenye bajeti yako. Oktoba 2025 Mark Cerny, mhandisi mkuu wa PS4 na PS5, alizungumza kuhusu teknolojia wanazounda na AMD kwa ajili ya konsoli ya miaka michache ijayo. Hakutaja tarehe. Hakutaja bei. Ni hizo "miaka michache" ambazo jamaa wa Luthuli alizigeuza kuwa "inakuja".

Ukiwa dukani jiulize maswali matatu. Je, kuna gemu tatu ninazotaka kucheza mwaka huu kwenye mashine hii? Je, pesa zipo bila kuvunja kitu nyumbani? Je, mtengenezaji ametangaza tarehe na bei ya mrithi wake? Ukijibu ndiyo, ndiyo, hapana, toa pesa, beba kasha lako, nenda nyumbani.

Na wewe jamaa uliyemshauri yule mama, sijui kama uliinunua konsoli yako au nawe bado unasubiri. Ila mara nyingine ukiona mtoto ameishika padi namna ile, na mamake ana pesa mkononi, tafadhali uliza bei ya chaja yako ukae kimya.

Tuonane wakati mwingine, wadau. Mdogo wangu anafunga shule mwezi ujao, na safari hii nimeshamuuliza anataka kucheza nini.