KONA YA UFUNDI: Oili Chafu ya Usukani

Sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa na vijana wanaojifunza gereji: oili ya usukani ikichafuka, tunaongeza nyingine juu yake au tunamwaga yote?

Tunamwaga yote. Kwenye magari mengi oili hii huwa nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa kama maziwa, imeingia maji au upepo. Mkiongeza mpya juu yake, uchafu unabaki palepale, unaendelea kula pampu na sili.

Kazi iko hivi. Zimeni gari, mwinue magurudumu ya mbele kwa jeki na kuweka stendi. Chomoeni mpira unaorudisha oili kwenye kopo, muuingize ndani ya chupa, na mzibe tundu la kopo. Mmoja azungushe usukani kushoto na kulia, mwenzake ajaze oili safi ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, mpaka inayotoka iwe safi. Rudisheni mpira, jazeni hadi alama, zungusheni tena upepo utoke, ndipo muwashe.

Jamani, oili ya breki msiiweke humo hata kama ndiyo iliyopo! Inaharibu sili. Ikishaingia, msiwashe injini kabla ya kuisafisha. Usukani ukiwa mzito ghafla kwenye kona, atakayeumia ni yule mama anayewahishwa kujifungua.

Oili chafu msiimwage chini karibu na bomba la maji.

Tukutane mwezi ujao.