Tiba ya selimundu imefika Dodoma, Kawangware je?

MZAZI wa mtaa wa Kongo, Kawangware, ambaye mwanawe anaugua selimundu, maradhi ambayo wengi huyaita siko seli, kwa miaka mingi aliambiwa kwamba tiba ya kuyaondoa kabisa iko ng'ambo. Tangu 2023 tiba hiyo imekaribia. Mwaka huo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto uloto, yaani uboho wenye seli shina zinazozalisha damu.

Hatua hiyo haikuzuka ghafla. Ilitanguliwa na kazi ya watafiti kama Profesa Julie Makani, daktari na mwanasayansi wa Muhimbili. Makani hakujipatia sifa kwa kupandikiza, bali kwa kuhesabu, kazi ambayo wanasiasa hawaikatii utepe. Kuanzia 2004, yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,700 jijini Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa 2011 yalionyesha kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Hapo ndipo penye utata. Upandikizaji humfaa mtoto aliye hai na aliyekwisha kutambuliwa kuwa mgonjwa. Aidha, hufanikiwa zaidi akipata uloto wa ndugu wa baba na mama mmoja anayewiana naye, na kila ndugu ana nafasi moja tu kati ya nne. Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoangamiza uboho wake, na kwa miezi kadhaa baadaye kinga ya mwili huwa dhaifu. Atarejea wapi? Kongo na Kibera familia nzima hulala chumba kimoja, na maji hununuliwa kwa mitungi. Gharama ya hospitali, kubwa kama ilivyo, si kikwazo pekee.

Hata hivyo, kuna dawa ya kumeza, haidroksiurea. Utafiti uliohusisha watoto wa Kilifi, Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliochapishwa 2019, ulibaini kwamba ilipunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na hata vifo. Haiponyi, lakini yamkini ndiyo itakayomfikisha mtoto umri wa kupandikizwa.

Familia nyingi za mitaa hii zina asili ya Nyanza na Magharibi, maeneo ambako selimundu imeenea kwa sababu ya historia ndefu ya malaria. Kipimo cha tone la damu kisiginoni, mtoto anapozaliwa, chatosha kuitambua.